Wimbo wa Sita, Upande wa Pili

Dada yangu alikuwa na mdomo. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana hata yeye mwenyewe angekubali, tena angekubali kwa maneno mia mbili. Tangu utotoni tulimwita Chiriku. Aliongea akioga, aliongea akitafuna, aliongea akishonwa jeraha la goti, na siku ya harusi yake alimsahihisha mfungisha ndoa mara mbili mpaka bwana harusi akainama kuficha kicheko. Mimi ndiye mdogo wake. Kanipita miaka sita, na sidhani kama niliwahi kumaliza sentensi mbele yake.

Alipoacha kuimba, maana aliwahi kuimba na huko ndiko ninakokwenda, alipata kazi ya kumfaa: opereta wa simu katika ofisi moja kubwa. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya swichibodi akisema, "Ofisi kuu, nikuunganishe na nani?" Watu walipiga hata kama hawana shida, wasikie tu ile sauti. Mabosi walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Alijua nani anamkwepa mkewe na nani anadanganya kuwa yuko mkutanoni, na yote hayo alituletea nyumbani yakiwa moto kabla hata hajavua viatu.

Mimi ni dobi. Nimefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, karibu na jenereta. Mashuka mia tatu kwa siku. Kule hakuna maongezi, kuna mvuke tu, na mtu akikutaka anakugusa bega. Kwa hiyo tuligawana: yeye mdomo, mimi mikono. Tukazeeka hivyo. Mumewe alipofariki nilihamia kwake, tukawa watatu nyumbani, yeye, mimi na binti yake, ambaye ananiita mama mdogo na kunigombeza kama mama mkubwa.

Basi asubuhi moja, anafunga vifungo vya blauzi, alinigeukia aniambie jambo. Midomo ikasogea. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mate yakamtiririka kidevuni, na macho yake, jamani, sijui niseme nini juu ya macho yale. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, na maneno yakaondoka kama yalivyo, hata lile la kuomba maji. Akili ilikuwa palepale. Ukimsimulia kichekesho alicheka kwa nusu ya uso. Ukikosea habari ya mtu aliyemjua alikukunjia sura. Lakini neno, hata moja, hakuna.

Hospitali walimpa nafasi kwa binti mmoja wa mazoezi ya usemi, mwembamba, mpole, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Jumanne na Alhamisi tulimpeleka kwenye kichumba chake chenye meza, viti vinne na kioo cha ukutani. Siku ya kwanza alitueleza vizuri. Alisema maneno ya mama hayajafa, ila njia ya kuyatoa imezibwa. Nyimbo, akasema, hupita njia nyingine kichwani. Kuna wagonjwa wasioweza kusema "chai" lakini wakisikia wimbo walioujua tangu zamani wanauimba wote, na maneno yake, na kutoka hapo unawafundisha polepole kuyahamishia kwenye mazungumzo.

"Na mama ana bahati," akasema. "Nani asiyeujua wimbo wake?"

Akatoa simu, akabonyeza, na chumba kikajaa ule wimbo.

Hapo ndipo inabidi nieleze kuhusu filamu. Miaka arobaini na moja iliyopita ilitengenezwa filamu moja, hadithi ya mwanamke anayekata tiketi za treni na kila siku anamkatia mtu yuleyule tiketi ya kwenda, kamwe si ya kurudi. Filamu yenyewe siku hizi haipo, mikanda iliharibika ikatupwa. Ila nyimbo zake zilitolewa kwenye santuri, nyimbo sita, tatu kila upande, na mwimbaji alikuwa dada yangu. Picha yake ndiyo ilikuwa juu ya jalada, ameegemea dirisha la tiketi, nywele zimepanda kama mkate. Wimbo wa sita, wa mwisho kabisa upande wa pili, ndio uliopendwa. "Dirisha Namba Tatu." Redio ziliupiga mpaka zikachoka. Juzi hapa watu wakauweka kwenye mitandao, wakaanza upya, na sasa unaweza kuisikia simu ya kondakta ikilia nao. Zile nyingine tano zilisahaulika. Ukitaka kuzisikia lazima uwe na santuri.

Binti wa mazoezi aliupiga wimbo ule Jumanne. Akaupiga Alhamisi. Akaupiga wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, anagonga mapigo kwenye mkono mzima wa dada, anaimba mwenyewe mstari wa kwanza, anasimama ili mgonjwa amalizie. Dada aligeuza uso akatazama ukuta. Kila mara. Hata midomo hakuifungua. Binti wa mazoezi alitikisa kichwa akaandika kwenye daftari.

"Ajabu," alisema. "Hata wimbo wake mwenyewe."

Na mimi nilikuwa pale, kwenye kiti cha karibu na mlango, nakunja kitambaa changu cha kichwa mara nne, nakikunjua, nakikunja tena. Nilijua. Nilijua tangu siku ile ya kwanza kwamba wimbo ule si wake. Niliuimba mimi.

Haya, nimesema. Ngoja niseme na mengine.

Siku ya kurekodi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alinipeleka nimbebee dada chupa ya maji ya moto. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kipaza sauti kimoja kinaning'inia katikati, bendi imebanana pembeni. Chumba kilikuwa chetu kwa siku moja tu. Dada aliimba nyimbo tano tangu asubuhi, na ungedhani ingetosha kuziimba mara moja moja, lakini mpiga tarumbeta alikuwa amelewa tangu jana yake, na kila akikosea wote walirudia tangu mwanzo. Kufika saa tisa alasiri dada alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Chiriku kakauka! Mkuu wa bendi alishika kichwa. Majalada yalikuwa yameshachapwa, jina la dada liko mbele na nyuma, filamu inangoja.

"Huyu mdogo anaujua," mama akasema.

Kweli niliujua. Nilikuwa nausikia nyumbani mwezi mzima. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa kwa urefu wa dada, na hakuna aliyetaka kukigusa, kwa hiyo walinipandisha juu ya kreti la soda. Niliimba mara mbili. Baada ya ile ya pili mkuu wa bendi alisema, "Basi, hiyo hiyo." Tulipotoka nje mama alitushika wote wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. "Jambo hili libaki humo ndani," alisema. "Mkilitoa mtajiaibisha wenyewe, mtaniaibisha mimi, na wale wanaume watadai wamedanganywa. Mmenisikia?" Tulisikia. Dada hakuweza kujibu, hana sauti. Mimi niliitika kwa wote wawili.

Nilikuwa mtoto, nilidhani litapita. Halafu wimbo ukawa mkubwa. Jamani, hujui maana ya wivu mpaka usikie sauti yako inatoka kwenye redio ya jirani na watu wanampongeza mwingine. Santuri ilipoletwa nyumbani nilichukua nakala moja nikajifungia chooni. Nyuma ya jalada kulikuwa na orodha ya nyimbo, na kwenye namba sita niliandika kwa kalamu ya wino: MIMI. Sikuandika mara moja. Nilirudia juu ya herufi zilezile mpaka kadibodi ikatoboka. Nikaificha santuri, na nimehama nayo kila nilikohamia, imefungwa kwenye foronya, chini ya vitambaa vya meza.

Nilichongoja ni kimoja. Aseme. Siku moja, mbele ya watu au hata tukiwa wawili jikoni, yule mtu mwenye maneno yote ya dunia aniambie: mdogo wangu, wimbo ule ni wako. Sikutaka sifa. Sawa, nilizitaka, lakini kwanza nilitaka hilo. Hakulisema. Siku tulipomzika mama nilipasuka. Nikamwambia jikoni, vyombo mkononi, "Uliniibia wimbo wangu." Akanitazama, akasema, "Nimewahi kuuimba wapi?" Tu. Mwanamke yule, maneno matatu! Nilidhani ananikebehi. Tukanuniana miaka miwili.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa kimya kwenye kile kiti. Au huelewi. Mimi mwenyewe nilijitungia sababu. Nilijiambia wimbo ni wimbo, kausikia mara elfu, siku moja atauokota tu. Binti yake aliponiuliza, "Mama mdogo, huna ile santuri yenyewe? Yule dada wa mazoezi anasema nyimbo nyingine zingesaidia," nilimjibu bila kupepesa macho kwamba ilipotea tulipohama. Mwezi wa pili huo. Ningeileta, wangeiona ile MIMI. Mwanamke mzima, mwenye mvi, na hasira za chooni. Na chini ya yote, nitoe kabisa donge, nilikuwa nasema moyoni: asizungumze kwanza kupitia wimbo wangu, halafu watu washangilie tena wimbo wake umemponya. Hiyo ndiyo roho niliyokuwa nayo. Miezi kumi.

Jumanne moja binti wa mazoezi alifunga daftari lake mapema.

"Alhamisi itakuwa mara ya mwisho," alisema. "Kuna wagonjwa wapya wanangoja nafasi, na mama haoneshi dalili yoyote. Hata mlio. Nimeandika kwamba njia ya nyimbo haimfai."

"Kwa hiyo ndiyo basi?" akauliza binti wa dada.

"Kama wimbo wake mwenyewe haumgusi, sina kingine cha kumpa. Samahani, dada."

Alisema mbele ya mgonjwa, kama wanavyofanya wote, wakidhani asiyesema hasikii. Dada alisikia. Tulipofika nyumbani aliisukuma sahani kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka. Jioni alibana midomo. Kesho yake asubuhi uji haukupita, tulimpa maji kwa kijiko na nusu yake yakarudi. Akalala akiutazama ukuta, na mimi nilizunguka kile kitanda, nikambembeleza, nikamfokea, nikamwambia, "Chiriku, usinifanyie hivi, tafadhali, kula hata kijiko kimoja." Wapi. Binti yake alinifuata jikoni, ameushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Mama mdogo," akasema, "huyu anaondoka. Ameamua."

Nilienda chumbani kwangu nikatoa foronya.

Kupata mashine ya kuipigia ilikuwa kazi. Niliikuta kwa fundi redio mmoja tunayemwita Fundi Waya, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hatupi kitu hata kikiwa kibovu. Gramafoni alikuwa nayo, juu kabisa ya rafu, chini ya feni tatu mbovu.

"Sindano bado ina uhai," alisema akiipangusa. "Lakini mkanda wa kuzungushia umekatika. Mikanda hii siku hizi hupati. Njoo wiki ijayo nikutafutie."

"Wiki ijayo sina."

"Mama, siwezi kuizungusha kwa maombi."

Nikamuuliza mkanda wenyewe ukoje. Akanionesha kipande: mpira mwembamba, bapa, mviringo. Nimeshika nguo za watu miaka thelathini na tano, najua mpira nikiuona. Palepale dukani niliugeukia ukuta, nikapasua kiuno cha sketi yangu kwa meno na kuchomoa mpira wake.

"Huu je?"

Fundi Waya aliutazama mpira, akaitazama sketi niliyoishika kwa mkono mmoja isianguke, akavua miwani kwa adabu. "Nipe dakika kumi," akasema, na akanirushia kamba ya katani nijifunge.

Aliushona, akauvisha. Ulikuwa legevu kidogo. Akanionya kwamba sahani itazunguka kwa uvivu, sauti itakuwa nzito na polepole. Kisha akaweka upande wa kwanza, wimbo wa kwanza, tusikie.

Nitakuambia jambo la aibu kuliko yote. Sikuwahi kusikiliza upande ule. Miaka arobaini na moja santuri iko kwangu, na zile mara chache nilizopata mashine niliruka moja kwa moja hadi wimbo wa sita, nikajisikiliza, nikalia, nikaifunga. Sasa nimesimama katikati ya redio mbovu, nimejifunga kamba, na dada yangu akaanza kuimba. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiimba kama anavyoongea, anakimbilia neno, anacheka ndani yake, anapumua palipokatazwa. Alikuwa anaimba vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa na sauti nzuri kwenye wimbo mzuri siku moja. Yeye alikuwa mwimbaji.

Ndipo lile jibu lake la jikoni liliponirudia. Nimewahi kuuimba wapi? Nikaanza kukumbuka. Walimwita kwenye maharusi, kwenye kumbi, kwenye sherehe za ofisi, na kila mahali walitaka wimbo mmoja tu. Akasema koo linauma. Akasema hana nafasi. Watu wakasema anaringa. Kisha wakaacha kumwita, naye akaacha kuimba, akaenda kukaa mbele ya swichibodi. Tangu siku ile ya studio hakuuimba hata mara moja. Wimbo uliompa jina hakuugusa, kwa sababu haukuwa wake, na mama alishatufunga midomo, kwa hiyo alinirudishia kwa njia pekee iliyobaki. Na mimi nilimwita mwizi. Niliketi kwenye boksi la nyaya za watu, nikalia mpaka Fundi Waya akazima mashine.

Alhamisi tuliingia kwenye kile kichumba, dada kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimelala begani, siku mbili hajala. Niliweka gramafoni mezani. Binti wa mazoezi akainua macho.

"Nini hii?"

"Mwanangu," nikasema, "umempigia wimbo usio wake miezi kumi."

"Sijakuelewa."

"Ule wimbo niliuimba mimi. Yeye alikauka sauti siku ile. Nyimbo zake ni hizi tano." Nikaliweka jalada mbele yao, upande wa nyuma juu, na ile MIMI ikiwatazama.

Binti wa dada alilichukua, akapitisha kidole kwenye tundu la kalamu. "Ulisema ilipotea."

"Najua nilichosema."

"Kwa nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mama mdogo, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja aseme yeye."

"Aseme?" akasema. "Angesemaje?"

Nilishusha macho kwenye ile MIMI. Binti wa mazoezi alitazama kalenda ya ukutani, nikamwona anavyohesabu miezi kimoyomoyo. Akavuta kiti, akaushika mkono wa kushoto wa dada. "Weka," akaniambia. Niliishusha sindano, ikaruka mara mbili kabla haijashika.

Wimbo wa kwanza ulianza, mzito, wa polepole kwa sababu ya ule mpira wa sketi. "Hivyohivyo," binti wa mazoezi akanong'ona, "ningeomba mwendo huuhuu." Dada hakugeukia ukuta. Kichwa kikatoka begani. Akaitazama mashine, akamtazama binti yake, akaitazama mashine tena, na ubeti wa pili ulipoingia kinywa chake kikafunguka na ikatoka sauti. Mbaya! Ya kukwaruza, imejaa makohozi, nusu ya mdomo haitembei. Lakini ilikuwa na maneno. "Nipokee, nimebeba mzigo wangu, nipokee kabla mvua haijanyesha." Maneno mazima, na herufi zake zote, na akapumua palepale palipokatazwa.

Binti yake aliweka viganja mdomoni. Dada akaendelea. Wimbo wa pili aliuimba. Wa tatu akasahau mstari mmoja akakunja sura kwa hasira, yule Chiriku wetu hasa. Niligeuza santuri. Akaimba wa nne. Akaimba wa tano, machozi yanamshuka upande mmoja, binti wa mazoezi akigonga mapigo mezani naye analia bila kujificha. Mimi nilisahau kabisa kinachofuata. Nilikuwa nimesimama pale nasema, "Ndiyo, dada, ndiyo, dada," kama mjinga.

Tarumbeta ikalia. Wimbo wa sita.

Dada akafunga mdomo.

Safari hii hakutazama ukuta. Alinitazama mimi. Sauti yangu ya miaka kumi na sita ikajaa mle chumbani, nyembamba, ina haraka, na hatukusogea hata mmoja. Kisha alinyoosha mkono wa kushoto, akalivuta jalada kutoka mapajani mwa binti yake, akalilaza magotini. Kidole kikatafuta. Namba moja, namba mbili, kikishuka, kikafika kwenye lile tundu. Akakiweka hapo. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, midomo ikahangaika, ikakosa, ikahangaika tena.

"Wewe," akasema.

Hakuimba. Alisema.

"Mama! Sema tena," binti wa mazoezi akaruka kitini.

"Wewe," akasema dada yangu, na kidole chake kikatoka kwenye jalada kikanielekea. "Wewe. Wewe."

Nilianguka magotini nikakiweka kichwa mapajani mwake, juu ya kadibodi, nikalia kilio nilichokuwa nadaiwa tangu ile siku ya kreti. Alinipigapiga mgongoni kwa mkono wake mmoja. Siku ile alikula. Sahani mbili.

Ningependa kuishia hapo. Walituongeza miezi mitatu, kisha mingine mitatu. Tukapeleka gramafoni kila Jumanne na Alhamisi, na kila mara aliimba zile nyimbo tano kwa ukamilifu, santuri ikizunguka. Ikizimwa, maneno yanakwisha. Binti wa mazoezi alijaribu kuyatoa maneno kwenye wimbo ayaweke kwenye kikombe, kwenye mlango, kwenye mvua. Hayakukubali kutoka. Mwishoni aliniita pembeni. Alichagua maneno yake vizuri, mtoto mwema yule. Alisema miezi ya mwanzo ndiyo huwa na nguvu, kichwa bado kinatafuta njia mpya, baadaye kinazoea kunyamaza. Nilimwambia nimeelewa. Aliniuliza kama nataka maji.

Neno lililotoka siku ile limebaki lilelile, peke yake. Akitaka maji ni wewe. Maumivu ni wewe, dirisha lifungwe ni wewe, mgeni mlangoni ni wewe. Nimejifunza kulisoma kwa mlio wake, na mara nyingi nakosea, naye anakunja sura. Binti yake anapiga magoti mbele yake kila asubuhi kabla hajaenda kazini, anamshika mashavu, anasema, "Mama, mimi nani? Niite." Dada anamtazama kwa mapenzi yote aliyonayo, anakusanya pumzi, anasema, "Wewe." Binti anambusu, anaondoka bila kunitazama. Tunazungumza, ndiyo, habari za chumvi na za dawa.

Miaka arobaini na moja nilitaka kusikia neno hilo moja kutoka kwake. Sasa nalisikia tangu asubuhi mpaka tunapolala, na kila akilisema naacha pasi yangu naenda kuangalia anataka nini.